Reale ya nyanya, sarafu ya Mchina na ile shaba ya Mambrui

Toleo lililopita niliandika mistari miwili tu kuhusu zile "hela za kale" wanazotembezewa wageni huku Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, na tangu siku ile simu haijanyamaza, picha za sarafu usiku na mchana. Nimechagua maswali manne ambayo yanabeba na ya wengine. Ila kabla sijaanza, ukinitumia picha tuma tatu, sio moja: mbele, nyuma na UKINGO, na upige asubuhi jua likiwa la pembeni, flashi usiwashe. Ule ukingo ndo watu wote wanausahau na mimi ndo kitu cha kwanza natafuta.

*Ami, asalaam alaykum. Mimi kijana wa Shela nafanya kazi na wageni. Kuna jamaa ameniletea sarafu yenye tundu la pembe nne katikati, anasema kaiokota kisiwa cha Manda upande wa magofu na ni ya wale Wachina waliokuja na majahazi makubwa enzi hizo. Anataka elfu nane, na nina mgeni yuko tayari kutoa elfu ishirini. Nimejaribu sumaku, hainasi kabisa. Si ni orijino?*

Wa alaykum salaam kijana wangu. Hapo kwenye sumaku ndo wengi wanapotea. Sumaku inakwambia jambo moja tu, kama ndani mna chuma. Shaba nyekundu hainasi, shaba ya manjano hainasi, zinki hainasi, risasi hainasi, na hizi kopi za kurio, za kuuzia watalii, nyingi zinasubiwa kwa vitu hivyo hivyo. Ikinasa una sababu ya kushuku, isiponasa bado hujajua kitu.

Hadithi ya jamaa yako haikuzuliwa yote, na ndo maana inauzika. Mwaka 2013 wataalamu Chapurukha Kusimba na Sloan Williams walipokuwa wakichimba hapo Manda walipata sarafu ya Kichina ya mfalme Yongle, aliyetawala kati ya 1402 na 1424, ndiye huyo aliyekuwa akimtuma amiri wake wa bahari, Zheng He, na merikebu zake, na ndiye aliyepelekewa twiga kutoka Malindi mwaka 1415. Na kabla ya hapo, 2010, timu ya Wakenya na Wachina ilipata nyingine ya mfalme huyo huyo kule Mambrui, karibu na Malindi. Kwa hiyo sarafu kama hizo zilifika kwetu, hilo halina ubishi. Lakini zile mbili zilitoka ardhini mikononi mwa watu wanaochimba kwa kamba na vipimo, kila udongo umeandikwa umetoka wapi, hazikutoka mfukoni mwa mtu.

Sasa ya kwako. Nimeikuza picha ya mbele nikaiweka ubavuni mwa picha ya ile ya Yongle. Hizi sarafu huwa zina maneno manne, moja juu, moja chini, moja kulia na moja kushoto. La juu na la chini ndo jina la enzi ya mfalme, la kulia na la kushoto ni "tong bao", yaani hela inayotumika, na hayo mawili utayakuta kwa wafalme wengi sana. Ndo mtego wenyewe huo, mtu anaona nusu ya maandishi yanafanana na picha ya gazetini anasema ni ile ile. Ya kwako juu na chini imeandikwa Qianlong, na huyo alitawala karne ya kumi na nane, miaka zaidi ya mia tatu baada ya Zheng He. Alafu geuza nyuma. Ya Yongle nyuma ni tupu, wazi kabisa. Ya kwako nyuma ina michoro miwili iliyosimama kama minyororo, hayo ni maandishi ya Kimanchu, na Wamanchu walishika Beijing mwaka 1644. Kwa hivyo hata ingekuwa sarafu halisi ya Qianlong, basi haina uhusiano wowote na yale majahazi.

Na sidhani kama ni halisi. Kuna jambo inabidi niseme kwa uangalifu hapa maana nimeona watu wanakosea: sarafu za Kichina za zamani zilikuwa zinasubiwa kwenye kalibu, hazikupigwa kwa muhuri kama za Wazungu au Waarabu, kwa hiyo ukiona alama ya kalibu au alama za tupa ukingoni usiseme haraka feki. Mimi kinachonisumbua ni lile tundu. Sarafu iliyopita mikononi na kwenye kamba miaka mia mbili, kingo za tundu huwa zimelainika na rangi ya ndani ya tundu ni ile ile ya nje. Ya kwako nje ni nyeusi na kijani, ndani ya tundu ni manjano inayong'aa kama bomba jipya. Maana yake mtu kaipaka uzee usoni akasahau ndani. Chukua pamba, tia dawa ya kuondolea rangi ya kucha, sugua taratibu sehemu ya kijani. Pamba ikitoka na rangi, maliza habari.

Lakini kijana wangu kubwa zaidi ni hili. Jamaa anasema kaiokota kwenye magofu ya Manda. Kama anasema kweli, basi hana haki ya kuiuza wala wewe kuipitisha kwa mgeni, maana sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inahesabu kama mali ya kale kitu chochote cha kubebeka kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, na hakitoki nje ya nchi bila kibali. Na kama anasema uongo, unamuuzia mgeni wako uongo kwa elfu ishirini. Mrudishie. Yule mgeni mwambie ukweli, mpeleke magofu ya Takwa, huko huko Manda, akaone msikiti na ile nguzo ya kaburi, atakukumbuka kwa hilo.

*Ami, mimi ni mama wa Langoni. Marehemu nyanya kaniachia reale tatu, zile sarafu kubwa za fedha za zamani, mbili nzima na moja imetiwa kishikizo cha kuvaa shingoni. Nilipeleka kwa sonara mmoja akasema zote ni feki kwa sababu zote zimeandikwa 1780 na haiwezekani zote ziwe za mwaka mmoja. Akasema atanisaidia kwa elfu moja kila moja, aziyeyushe. Moyo wangu umekataa. Nifanyeje?*

Bi, moyo wako umekwambia sawa, usiziuze. Nimekaa na swali lako siku mbili maana reale ndo iliyonifanya nipende mambo haya, marehemu nyanya yangu alikuwa nayo moja kwenye kasha, kila Idi anaitoa anatuwekea kiganjani tuisikie uzito, alafu anairudisha kwenye kitambaa chake.

Hiyo 1780 si dalili ya ufeki. Huyo mwanamke aliye kwenye reale ni Maria Theresa wa Austria, alifariki mwaka 1780. Wafanyabiashara wa Uarabuni, Habeshi na pwani hii walikuwa wameizoea sura yake na hawakutaka nyingine, ukiwaletea yenye sura ya mfalme mpya wanaikataa, kwa hiyo kiwanda kikaendelea kuipiga ile ile na mwaka ule ule. Imepigwa Vienna, katika miaka ya 1930 ikapigwa Rome na London pia, hata Bombay walipiga wakati wa vita, na Vienna wanaipiga mpaka leo. ZOTE zinasema 1780. Sonara yako anajua kuwa ziko nyingi za mwaka mmoja, hilo kweli, lakini kutoka hapo kufika kwenye "feki" ameruka bahari. Na kitu kimoja nakuuliza wewe Bi, mtu anayeamini kweli si fedha, anataka kuyeyusha nini?

Sasa kuna maswali mawili hapa na watu wanayachanganya. Moja, je hii ni reale ya kweli, yaani fedha ya kiwango chake? Pili, je ni ya zamani? La kwanza unaweza kulijibu leo leo nyumbani. Reale halali ina uzito wa gramu 28 na pointi kidogo, upana wake milimita kama 40, na fedha yake ni sehemu 833 katika 1000, zinazobaki ni shaba. Azima mizani ndogo ya sonara (mwingine, sio yule), ile ya kusoma pointi mbili. Zianze zile mbili nzima maana ya kishikizo itazidi uzito. Ikiwa imechakaa inaweza kupungua nusu gramu, hata zaidi kidogo, usiogope. Ikija 22 au 24 hapo ogopa.

Alafu fanya hivi, nami nimefanya jana na reale yangu nikiandika majibu haya. Weka gilasi ya maji juu ya mizani, bonyeza kitufe isome sifuri. Funga reale na uzi mwembamba, iteremshe ndani ya maji mpaka izame yote lakini ISIGUSE chini wala pembeni, ishike hivyo hivyo hewani kwa mkono. Mizani itapanda kidogo. Yangu ilikuwa 28.02 nje, ndani ya maji mizani ikasoma 2.75. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, inakuja kama 10.2. Hiyo ndo namba ya reale. Fedha tupu ni 10.5, shaba nyekundu karibu 9, shaba ya manjano nane na nusu hivi, zinki saba. Kopi inaweza kufanana sura, inaweza kufanana rangi, lakini kupata uzito sawa NA upana sawa NA namba hiyo kwa madini rahisi ni vigumu sana, mara nyingi kitu kitatoka nje, ama itakuwa nene ama nyepesi.

Alafu ukingo. Reale halali ukingoni ina maandishi yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA, na mapambo katikati yake, pitisha ukucha utayasikia. Kopi za kurio nilizowahi kushika, na nimeshika nyingi, ukingo ama mtupu kabisa ama una mikwaruzo iliyonyooka kama ya shilingi, na ukitazama vizuri unaona mshono mwembamba umezunguka katikati kama ule wa beseni la plastiki, ndipo nusu mbili za kalibu zilipokutana na mtu akapitisha tupa kuuficha. Usoni nako tazama lile kifungo begani, kimezungukwa na lulu. Inasimuliwa wafanyabiashara wa zamani walikuwa wanazihesabu kabla ya kupokea. Kwenye halali kila lulu iko peke yake, kali. Kwenye kopi zimeungana, sura nzima imelainika kama sabuni ya mche iliyotumika wiki, na chini kwenye uwanja mtupu kuna vitundu vidogo vidogo vya hewa kama vya mkate wa kumimina. Kuchakaa hakufanyi hivyo Bi. Kitu kilichochakaa kwa mikono kinalika kwanza sehemu zilizoinuka, shavu, nywele, kifua cha yule ndege mwenye vichwa viwili, lakini mabonde ya herufi yanabaki makali. Kopi ni laini kila mahali, juu na chini sawasawa.

Picha ulizotuma za ukingo zinaonyesha maandishi, na nywele zimelika huku herufi ziko sawa. Mimi kwa macho yangu naona ni za kweli, mizani itathibitisha.

Swali la pili, kama ni ya miaka mia moja au mia mbili, hilo ni gumu na si la kujibiwa kwa picha ya simu, linataka mtu anayejua tofauti ndogo ndogo za kila kiwanda, mkia wa ndege, idadi ya lulu, nukta. Nyingi za huku kwetu ni za kupigwa baadaye. Lakini kila moja ina zaidi ya gramu 23 za fedha tupu ndani yake, uliza bei ya fedha ya siku hiyo upige hesabu, utaona ile elfu moja aliyokutajia ilikuwa msaada kwa nani. Na ile yenye kishikizo usimruhusu mtu akitoe "ili ipate bei". Bei ya wakusanyaji ilishapungua siku ilipochomelewa, hairudi, na kile kishikizo ni kazi ya fundi wa hapa Lamu, nyanya yako alikivaa. Kiache.

*Habari Ami. Tulikuwa tunachimba shimo la choo hapa Mambrui, kama futi nne chini tukapata kisarafu cha shaba kimeota kijani, pande zote mbili kuna kama Kiarabu, hamna picha ya mtu. Pia kulikuwa na vigae vya bluu na vyeupe. Ndugu yangu anataka kukiosha kwa ndimu na chumvi tusome. Je ni cha Kilwa? Kina thamani?*

Msikioshe. Msikioshe kabisa, mwambie ndugu yako aweke hiyo ndimu kwenye samaki.

Nasema hivi kwa sababu mimi nilifanya. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nikaokota kipesa kwenye mchanga wakati wa maji kupwa, kibichi hivyo hivyo kama chenu, nikakifanyia ukwaju na jivu kama mama zetu wanavyosugua masinia. Kilitoka kimeng'aa, chekundu kizuri, nikakimbia nacho kwa mzee mmoja aliyekuwa anasoma maandishi ya kale. Akakigeuza mara moja mbili, akaniuliza "ulikiokota wapi mwanangu, na kilikuwaje?" Nikamwambia. Akanyamaza. Maandishi yalikuwa kwenye ile kutu, si chini yake, ile shaba yenyewe ilishageuka kutu na umbo la herufi limebaki ndani ya kijani, nilipokitoa nilitoa na herufi. Kikabaki kipande cha shaba. Mpaka leo sijui kilikuwa cha sultani gani na sitajua.

Kuhusu Kilwa. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe za shaba, na zile zilizo nyingi zaidi zina jina la Ali bin al-Hasan. Zina uzuri mmoja ambao naupenda kuliko wa sarafu yoyote, pande mbili zinafanya vina kama beti: upande mmoja jina, Ali ibn al-Hasan, upande wa pili anasema anamtegemea Bwana wa neema, mawla al-minan. Hasan, minan. Ukisoma upande mmoja tu hujasoma. Zile za shaba hazina mwaka wala jina la mji. Kwa hiyo mtu akikuletea "sarafu ya Kilwa" ina tarehe kubwa na herufi za Kizungu, hiyo ni ya kurio. Nyingi zimepatikana huko huko Kilwa na Mafia, huku kaskazini ni chache, ndo maana siwezi kukwambia kwa picha iliyojaa kijani kwamba chenu ni cha Kilwa. Chaweza kuwa cha India, chaweza kuwa kitu kingine. Kama ingekuwa na mizani imechorwa ningesema pesa ya Sayyid Barghash wa Zanzibar ya 1299 ya Hijria, hizo ni za kawaida sana, lakini mmesema hamna picha.

Na kweli pia pwani hii walipiga vidogo zaidi vya fedha. Shanga, kisiwa cha Pate, mtaalamu wa mambo ya kale Mark Horton alivikuta kwenye uchimbaji wake miaka ya 1980, na Mtambwe Mkuu kule Pemba mwaka 1984 zilipatikana zaidi ya elfu mbili mahali pamoja. Vyembamba kama magamba ya samaki, ukichimba kwa jembe huvioni.

Sasa thamani. Sokoni huenda ni pesa ndogo. Lakini nyinyi mna kitu muuzaji wa kurio hana: mnajua kilitoka wapi, futi ngapi chini, na kilikuwa na vigae gani. Na ni Mambrui, mji ule ule wa sarafu ya Yongle. Simamisheni kuchimba hapo kwa siku chache. Pigeni picha ukuta wa shimo mkiweka rula au hata fimbo ya kipimo, andikeni futi ngapi, udongo rangi gani. Kisarafu kiwekeni kikavu kwenye karatasi laini ndani ya kikopo, sio kwenye nailoni ya kufunga maana unyevu ukibaki na chumvi ya huku, kutu inakuwa ya unga mweupe wa kijani na inakula ndani siku kwa siku. Alafu vigae pia, vyote, hata vidogo. Nendeni navyo makumbusho ya Malindi mkaripoti, sheria inamtaka aliyepata kitu kama hicho aseme, na mkieleza mmechimba choo mkakikuta hamna kosa lolote. Mkipata jibu niandikieni, kwa kweli nalisubiri.

*Ami vipi, kuna mtu Malindi mjini anauza ile dhahabu ya Mjerumani yenye ndovu, ya Tabora 1916, elfu sita tu. Ananiharakisha, anasema ana mteja mwingine jioni.*

Kaka, muache amuuzie huyo wa jioni. Ile rupia 15 ya Tabora ilipigwa kweli, karakana ya reli, vita vimepamba moto, ndovu mbele na mlima nyuma yake, chini herufi T. Ina uzito wa gramu 7 na pointi moja hivi na robo tatu yake ni dhahabu, upana kama milimita 22. Dhahabu hiyo kwa elfu sita hakuna. Ukitaka kuhakikisha mwambie muende kwa sonara mkaipime: ya shaba ya manjano kwa upana na unene huo huo haifiki hata gramu 5. Akikataa kwenda kwenye mizani umeshapata jibu na hujatoa hata shilingi.